Ngoma ya Zimwi: Hofu na Kicheko katika Filamu ya Severance (2006)

UTANGULIZI

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba hofu na kicheko ni mahasimu wasioweza kukaa nyumba moja. Hoja yao ni kuwa mtu hucheka anapojiona salama na huogopa anapojiona hatarini. Kwa hiyo kazi ya sanaa inayojaribu kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja haina budi kushindwa katika moja, au katika yote mawili. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini haistahimili mizani ya fasihi simulizi. Mtoto anayesimuliwa ngano ya zimwi hujikunyata nyuma ya nyanya yake zimwi linapobisha mlango, na papo hapo huangua kicheko zimwi linapoiga sauti ya mama kwa koo lililokwaruza. Hakimbii, wala halali. Kesho yake huomba ngano ile ile irudiwe.

Sinema nayo ina ngano zake za namna hiyo. Filamu ya kutisha yenye vichekesho si jambo geni: John Landis alitoa An American Werewolf in London mwaka 1981, Sam Raimi akatoa Evil Dead II mwaka 1987, na Edgar Wright akatoa Shaun of the Dead mwaka 2004. Makala haya yanachambua filamu moja ya jamii hiyo, Severance, iliyotolewa Uingereza mwaka 2006. Mwongozaji wake ni Christopher Smith, na muswada wake uliandikwa na James Moran akishirikiana na Smith mwenyewe. Filamu hii isichanganywe na mfululizo wa televisheni wa Marekani wenye jina lilo hilo, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2022.

Hoja inayotetewa hapa ina pande mbili. Kwanza, kicheko katika Severance si kipoozeo cha hofu, bali ni kidole kinachoonyesha lawama ilipo. Maana wanaowindwa ni watu wa biashara ya silaha, na kinachowaua ni kazi ya mikono yao. Pili, filamu hiyo hiyo inafika njiani ikasita: inajua dhuluma ilitendwa, lakini aliyedhulumiwa haimpi ulimi wa kuisimulia.

KISA NA WAHUSIKA

Wahusika wakuu ni wafanyakazi saba wa kampuni ya kubuni iitwayo Palisade Defence, inayounda na kuuza silaha. Neno lenyewe palisade lina maana ya boma la vigingi vilivyochongoka, na defence ni ulinzi. Kampuni inajitambulisha kwa wateja wake kama boma. Hakuna popote katika jina lake panapotajwa kuua. Kejeli ya filamu imeanzia hapo, kabla ya mhusika yeyote kufumbua kinywa.

Wafanyakazi hao wamepelekwa mapumziko ya siku chache katika milima ya Mátra, nchini Hungaria, kwa ukarimu wa mkubwa wao, George Cinders. Lengo ni kujenga umoja kazini. Kiongozi wa safari ni meneja Richard (Tim McInnerny), mtu mwenye cheo asiye na busara ya kukitumia. Harris (Toby Stephens) ni mjuaji mwenye kebehi. Jill (Claudie Blakley) ana dhamiri inayomsumbua kuhusu kazi anayoifanya, lakini haijamsumbua kiasi cha kuiacha. Gordon (Andy Nyman) ni mtiifu mchangamfu anayeamini kila neno la uongozi. Billy (Babou Ceesay) ni mpole na mwenye akili ya kawaida, jambo adimu katika msafara huu. Maggie (Laura Harris) ni mwanamke mkakamavu, na Steve (Danny Dyer) ni mtu wa vileo na mizaha, ambaye sehemu ya kwanza ya hatari inamkuta akiwa hajui kama anachokiona kipo au ni kazi ya uyoga alioula.

Mti ulioanguka umeziba barabara. Dereva anakataa katakata kuipita njia ya msituni, meneja anang'ang'ania, na mwisho dereva anaondoka na basi lake na kuwaacha wamesimama na mizigo yao. Wanakwenda kwa miguu mpaka wanaikuta nyumba kuukuu isiyofanana hata kidogo na hoteli waliyoahidiwa. Richard anashikilia kwamba ndiyo. Usiku ule Jill anamwona mtu dirishani. Kesho yake, badala ya kuondoka, wanacheza mchezo wa kupigana kwa bunduki za rangi, kwa kuwa umo katika ratiba. Na humo msituni mguu wa Gordon unanaswa na mtego wa chuma wa kukamatia dubu. Kutoka hapo wanaanza kuuawa mmoja baada ya mwingine na watu waliofunika nyuso, wenye silaha na mwenendo wa askari. Mwishoni wanaookoka ni Maggie, Steve, na wanawake wawili waliokodishwa kumstarehesha George katika hoteli ya kweli.

Filamu ilipigwa Hungaria kwenyewe na katika kisiwa cha Isle of Man. Ni kisa cha kawaida kwa umbo lake: kundi, msitu, nyumba mbovu, muuaji. Kisicho cha kawaida ni nani wamewekwa katika umbo hilo.

JINA LA FILAMU

Jina Severance linastahili kusimamiwa kidogo, hasa na msomaji anayeshughulika na lugha. Katika Kiingereza neno hili lina maana ya kukata na kutenganisha kitu na kingine. Lakini katika lugha ya waajiri ni jina la malipo anayopewa mtumishi anapoachishwa kazi. Filamu inayoonyesha mguu ukikatwa, kichwa kikikatwa, na watumishi wakiagana na kazi yao kwa namna isiyotajwa katika mkataba wowote, imelichagua neno linalobeba yote hayo.

Mfasiri wa Kiswahili hapati neno moja la kuyachukua yote. Kiinua mgongo kinamfaa mstaafu anayeondoka kwa heshima. Kuachishwa kazi ni maneno makavu ya barua. Kupigwa kalamu, kama isemwavyo Kenya, kuna ukali lakini hakuna damu. Kitenzi kata ndicho kinachokaribia, kwa sababu Kiswahili hukata mti, hukata shauri, hukata tamaa, hukata mshahara na hukata kichwa kwa kitenzi kimoja. Lakini hata hapo, kukatwa mshahara ni kupunguziwa, si kulipwa na kuagwa. Kinachosalia nje ya tafsiri ni ubaridi wa neno la Kiingereza: ule uwezo wa lugha ya ofisi kulichukua tendo la kukata na kuligeuza kuwa fungu katika hesabu. Ubaridi huo ndio mada ya filamu nzima.

KICHEKO KINAVYOFANYA KAZI

Aristotle alifundisha katika Ushairi wake kwamba kinachochekesha ni kosa au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Tukio la mtego wa dubu linaipinga kauli hiyo waziwazi. Mguu wa Gordon umo kati ya meno ya chuma. Wenzake wanajaribu kuupanua mtego kwa mikono yao, mtego unawaponyoka na kujifunga tena juu ya mguu ule ule, na si mara moja tu. Kila jaribio la kumwokoa linaongeza jeraha, hadi mguu unakatika kabisa chini ya goti. Mtazamaji hucheka huku amefumba jicho moja.

Anacheka nini? Si maumivu ya Gordon. Anachekea ule mwendo wa kikao cha kazi uliohamia mahali pasipo pake: watu wanaoshauriana, wanaoshindana kutoa maelekezo, wanaoanza upya kwa ari ile ile baada ya kushindwa, kana kwamba mguu wa mtu ni ajenda iliyoahirishwa. Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko kilichotoka mwaka 1900, alisema kwamba kicheko huzuka pale ugumu wa mashine unapobandikwa juu ya kiumbe hai. Maelezo hayo yanaifaa Severance kuliko ya Aristotle. Wafanyakazi hawa wamezoeshwa taratibu za ofisi kiasi kwamba taratibu zinaendelea kutembea hata pale ambapo miguu imekwisha.

Mfano wa pili unathibitisha. Mguu uliokatika unachukuliwa ndani ya basi, na Steve anajitahidi kuuingiza katika friji ndogo ya vinywaji ili usiharibike kabla ya kufikishwa kwa daktari. Friji ni ndogo, mguu ni mkubwa, na bidii yake ni ya kweli. Hapa hakuna dhihaka. Yupo mtu anayejaribu kutenda jema kwa vifaa vilivyoandaliwa kwa ajili ya starehe. Hofu na kicheko hazikupokezana zamu katika tukio hili. Ziko pamoja, katika kitu kimoja, mbele ya jicho moja.

Mfano wa tatu ni wa Harris. Mapema katika filamu anadai kwamba kichwa kilichokatwa huendelea kufahamu kwa muda mfupi, akitaja mashine ya kukatia vichwa iliyotumika Ufaransa. Maneno yake yanachukuliwa kuwa ni ujuaji wake wa kawaida. Baadaye basi linapata ajali msituni, Harris anakatwa kichwa, na kamera inakikaribia kichwa kile kilipolala: kinauona mwili wake wenyewe, kisha kinatabasamu. Alikuwa amesema kweli. Tabasamu hilo linachekesha kwa sababu ni la mtu aliyeshinda ubishi. Linatisha kwa sababu ushindi huo ndio mali pekee iliyombakia. Aliyezoea kuyachukulia mauaji kama maarifa ya kuvutia katika mazungumzo, mauti yamemchukulia vivyo hivyo.

HADITHI TATU USIKU MMOJA

Tukio lililo muhimu kupita yote katika filamu hii halina damu nyingi. Ni tukio la kusimulia hadithi. Katika nyumba kuukuu zinapatikana nyaraka zenye jina la Palisade, na kundi linajiuliza mahali pale palikuwa nini. Wasimulizi watatu wanajibu, kila mmoja kwa namna yake, na mwongozaji anaionyesha kila hadithi kwa mtindo wa sinema unaomfaa msimulizi wake.

Harris anasema nyumba ilikuwa hospitali ya wenye wazimu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wagonjwa waliiteka, na kampuni ikatumia gesi ya sumu kuwamaliza, akasalia mmoja mwenye kiapo cha kisasi. Hadithi yake inaonyeshwa kama sinema bubu ya zamani, yenye vivuli na ishara za kupita kiasi. Jill anakanusha. Kwake yeye mahali hapo ni pa siku za karibu, baada ya kuvunjika kwa Urusi ya Kisovieti: palifungiwa askari waliotenda uhalifu wa kivita, na silaha za kampuni zikatumika kuwamaliza walipoasi. Picha za hadithi yake ni za mtindo wa habari za vita. Kisha Steve anatoa yake, nayo ni ndoto ya ujana juu ya wauguzi warembo.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mara moja hali hii. Kisa ni kimoja, wasimulizi ni watatu, na kila mmoja amekivika vazi la nafsi yake: msomi amekipa umbo la kale, mwenye dhamiri amekipa umbo la ushahidi, mpenda anasa amekipa umbo la anasa. Hii ndiyo kanuni ya utambaji popote duniani. Ngano haina mwandishi mmoja. Ina mtambaji wa leo na hadhira ya leo, na hujipinda kufuata kinywa kinachoitamka.

Lakini kuna jambo ambalo kicheko cha hadithi ya Steve kinalifunika upesi. Harris na Jill wanapingana katika mengi, ila hawapingani katika moja: kwamba kampuni iliua watu mahali hapa. Wanalisema hilo wakiwa wamekaa, wamekula, wakingoja kulala. Hakuna anayesimama. Hakuna anayesema kwamba kesho ataandika barua ya kuacha kazi. Kosa la kampuni limegeuka kuwa soga za baada ya chakula, na wanaolisimulia ni wale wale wanaopokea mshahara kutokana nalo. Hata chakula chenyewe kina neno lake: katika mkate wa nyama uliokutwa jikoni, ambao Gordon kwa uchangamfu wake amewaandalia wenzake, mmoja wao amekuta kitu kigumu, na kitu hicho ni jino la mtu. Wamekuwa wakila bila kuuliza kilichomo. Filamu haisemi zaidi ya hapo, wala haihitaji.

Filamu haitoi hukumu ya wazi kuhusu hadithi ipi ni ya kweli. Hata hivyo wauaji wanaojitokeza wana mavazi na mbinu za askari, na hivyo wanaelekea kuithibitisha hadithi ya Jill. Ajabu ya kisa ni kwamba aliyekaribia ukweli ndiye miongoni mwa wanaouawa mapema na kwa ukatili: Jill anachomwa moto. Kuujua ukweli na kuendelea kuketi juu yake hakukumpa kinga yoyote.

NGOMA YA ZIMWI

Waswahili husema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa kumfariji mtu aliye mikononi mwa mkali anayemfahamu: kufahamiana huleta huruma kidogo. Severance inaigeuza methali hiyo juu chini. Zimwi la msituni linawajua vyema wafanyakazi wa Palisade, au angalau linaijua nembo yao. Na kwa kuwa linawajua, ndiyo maana linawala. Wangekuwa wageni wasio na jina, pengine wangepita salama.

Ngano inayoikaribia filamu hii zaidi ni ile maarufu ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma, ambayo husimuliwa kwa sura nyingi katika Afrika Mashariki. Zimwi linamnasa msichana, linamfungia ndani ya ngoma, na kuzunguka naye kijiji hadi kijiji. Kila linapopiga ngoma, msichana huimba, watu hustaajabu, na zimwi hupewa chakula. Linafika kijijini kwa wazazi wake. Wanaitambua sauti, wanalilewesha zimwi au kulituma mbali, wanamtoa mtoto wao na kuijaza ngoma nyuki na nyoka. Zimwi linaibeba ngoma, linafika kwake, linaipiga kwa majivuno mbele ya jamaa zake, na linaangamizwa na kilichotoka ndani ya chombo chake lenyewe. Hapo ndipo watoto hucheka mno. Na wanalicheka zimwi lile lile lililowatisha.

Ngoma ile ni chombo cha biashara. Inaliletea zimwi riziki kwa maumivu ya mtu aliyefungwa ndani asiyeonekana, na wasikilizaji wa vijiji vya kwanza hawakuuliza sauti inatoka wapi. Palisade ni zimwi la namna hiyo, na silaha zake ni ngoma. Inazibeba nchi hadi nchi, inalipwa, na waliomo ndani ya sauti ile hawaonekani. Katika milima ya Mátra ngoma imejazwa nyuki.

Tukio linaloikamilisha maana hii ni la kombora. Maggie na Steve wanapofika hatimaye katika hoteli ya kweli, George anaipokea habari ya wauaji kama fursa ya kuonyesha bidhaa mpya. Anachukua mtambo wa kurushia makombora kwa furaha ya muuzaji aliyepata mteja, anaulenga kwa wauaji na kuufyatua. Kombora linawaacha wauaji walipo, linapaa juu, na kuifuata ndege ya abiria iliyokuwa ikipita angani, ndege inalipuka. Ukumbi hucheka, kisha hujisikia umecheka nini. Kwa muda wa saa nzima mtazamaji alikuwa akihesabu vifo kimoja kimoja, akimjua kila mfu kwa jina na tabia. Sasa abiria wa ndege nzima wamekufa kwa sekunde chache, hawana majina, hawana nyuso, na kifo chao kimepita kama mzaha wa pembeni. Hivyo ndivyo silaha inavyoua, na hivyo ndivyo muuzaji anavyohesabu. Hakuna hotuba ambayo ingelisema jambo hili kwa ukamilifu zaidi.

Kinyume cha George ni Richard. Meneja huyu, aliyechekwa tangu mwanzo kwa ubishi wake, anakanyaga bomu lililotegwa ardhini na kutambua kwamba halitalipuka mpaka ainue mguu. Anasimama hapo peke yake, wenzake wamekimbia, na wauaji wanakaribia. Mwisho anauinua mguu kwa hiari yake. Kwa mara ya kwanza amefanya uamuzi unaowafaa walio chini yake. Inafaa kukumbuka kwamba mabomu ya namna hiyo yalikuwa yamepigwa marufuku na mkataba uliotiwa saini Ottawa mwezi Desemba 1997 na kuanza kufanya kazi mwezi Machi 1999, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoufuata. Filamu ya mwaka 2006 ilipoliweka bomu hilo chini ya kiatu cha meneja Mwingereza, ilikuwa inazungumza na watazamaji walioamini kwamba jambo hilo limekwisha. Katika mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuanza njia ya kuelekea mkataba wa biashara ya silaha duniani, na Kenya na Uingereza zilikuwa kati ya nchi saba zilizoliandaa. Mkataba wenyewe ulipitishwa mwaka 2013. Kwa hiyo suala la nani anauza, kwa nani, na kwa matumizi gani, halikuwa la kubuniwa na watunzi wa vichekesho.

UPUNGUFU WA FILAMU

Haifai, hata hivyo, kuisifu filamu kwa jambo ambalo imelifanya nusu. Upungufu wake wa kwanza ni zimwi lenyewe. Wauaji hawana majina, nyuso zao zimefunikwa, na maneno yao ni machache mno. Ikiwa hadithi ya Jill ina ukweli, basi hao ni watu waliotendwa kabla ya kutenda, hata kama walikuwa waovu. Lakini yote yanayojulikana kuwahusu yametoka katika vinywa vya watumishi wa kampuni. Katika ngano ya ngoma, msichana anaimba. Sauti yake ndiyo inayowaongoza wazazi, na bila wimbo ule hakuna haki. Severance ina ngoma, ina zimwi na ina nyuki, ila haina wimbo. Kwa sababu hiyo kisasi kinatendeka bila dai kusikika, na mtazamaji anaweza kutoka ukumbini akiwa amewaogopa wauaji tu, asiwaulizie.

Upungufu wa pili ni mahali. Sanaa ya Ulaya ya Magharibi ina mazoea ya muda mrefu ya kuutupa ukatili wake katika misitu ya Mashariki. Bram Stoker alipoandika Dracula mwaka 1897 alimweka mnyonya damu wake Transylvania, nchi iliyokuwa wakati huo ndani ya ufalme wa Hungaria. Eli Roth aliweka mateso ya filamu yake Hostel ya mwaka 2005 nchini Slovakia. Severance inafuata njia hiyo hiyo, ingawa Hungaria ilikuwa mwanachama wa NATO tangu 1999 na wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Inaweza kutetewa kwamba filamu inayakejeli mazoea hayo, maana asili ya uovu imefuatwa mpaka ofisi za Kiingereza. Utetezi huo una uzito, lakini wenyeji wa milima ile hawapati nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya dereva mkaidi, muuaji na mwanamke wa kukodishwa.

Wanawake hao wawili wa kukodishwa ni upungufu wa tatu. Kamera inawatazama kwa jicho lile lile la matamanio linalodhihakiwa katika hadithi ya Steve. Filamu imempa Maggie ujasiri na uamuzi, na ni vyema. Lakini hao wawili, ambao ndio pekee wasiokula mshahara wa silaha miongoni mwa wanaookoka, wanafungiwa katika mzaha wa mwisho wa Steve, ndani ya mashua inayowatoa wote wanne katika hatari.

HITIMISHO

Severance inathibitisha kwamba hofu na kicheko vinaweza kutoka katika mzizi mmoja. Mzizi huo, katika filamu hii, ni umbali uliopo kati ya kazi na matokeo yake: mtu aketiye ofisini asione kinachofanywa na bidhaa yake, lugha inayoita kuua ulinzi na kukata malipo, mlo unaoliwa bila kuulizwa. Umbali huo ukiwapo, maisha ni ya kawaida. Ukiondolewa ghafla, kwa mtego, kwa bomu au kwa kombora lililokosea njia, kinachobaki kinachekesha na kutisha kwa pamoja, kwa kuwa ni kitu kile kile kilichoonekana karibu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga. Wafanyakazi saba walikwenda Mátra kujifunza umoja, na wengi wao walijifunza wakiwa wamechelewa kwamba walikwisha kuunganishwa zamani na jambo ambalo hakuna aliyelitaja kazini. Ngano ya zimwi ilikuwa ikilifundisha jambo hilo kabla ya sinema kubuniwa, na ikilifundisha kwa ukamilifu zaidi, maana haikusahau kumwacha aliyefungwa ndani ya ngoma aimbe. Mwongozaji yeyote atakayeishika mada hii baadaye, awe wa London au wa Nairobi, ana kazi hiyo iliyosalia mbele yake.